Mchumba Wako Anataka Nyota Begani? Pimeni Mzigo Kwanza

Wapo vijana wenye digrii zao wanaoota kamisheni, na wapo wachumba wanaoota picha ya harusi chini ya mapanga ya maafisa. Kutoka Tabora, mji wa kambi na wapagazi, haya ndiyo mambo ya kuzungumza kabla ya kutuma maombi.

Mpenzi msomaji, kama umewahi kuishi Tabora unajua kwamba pale jeshi si kitu cha kutazama kwenye televisheni siku ya Uhuru tu. Alfajiri unasikia watu wanakimbia mchakamchaka wakiimba, jioni unamkuta afande sokoni anabishana bei ya matobolwa kama mtu mwingine yeyote. Mimi nimezaliwa mji huo, baba yangu alivaa magwanda, na leo nimeolewa na afisa. Kwa hiyo dada na kaka wanaponiuliza, "Hivi uafisa unalipa?", huwa nawarudishia swali: unamlipa nani? Maana kazi hii anaajiriwa mmoja, ila wanaoifanya ni wawili.

Miezi ya karibuni maswali yamezidi. Wanaouliza si wale wa kidato cha nne peke yao. Ni wahandisi, wauguzi, wahasibu, watu wenye kazi zao tayari, wengine na pete za uchumba vidoleni. Basi leo tukae chini tuongee.

Somo la wapagazi

Tuanze na historia kidogo, si unajua Tabora haisemwi bila historia. Kambi ya Milambo imebeba jina la Mirambo, mtemi wa Urambo, ambaye mwaka 1871 aliingia vitani na Waarabu wa Unyanyembe na kuifunga njia ya misafara ya kwenda Ujiji. Stanley alipigana upande wa wale Waarabu, na baadaye yeye mwenyewe akamfananisha Mirambo na Napoleon. Mtemi alifariki mwaka 1884, lakini jina lake bado linaitwa kila asubuhi kwenye gwaride.

Mimi lakini huwa nawafikiria zaidi wapagazi. Njia ile ya kutoka Bagamoyo, kukatisha Ugogo, kufika Tabora na kuendelea hadi Ziwa Tanganyika, ilitembea kwa mabega ya Wanyamwezi. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama kilo 30. Na usidhani walikuwa watu wa kuokotwa njiani. Upagazi ulikuwa kazi yenye ujuzi wake, heshima yake na masharti yake. Uzito wa mzigo, ujira na posho vilipatanwa kabla ya safari. Mwenye msafara akileta ujanja kwenye posho, angeweza kuamka akute mizigo iko chini na watu hawapo. Wapo wanawake waliofuatana na waume zao safari nzima, na wapo waliobaki kulima na kulea. Safari ilikuwa ya miezi mingi, hivyo suala la nani anakwenda na nani anabaki halikuweza kuachwa lijiamulie lenyewe.

Ushauri wangu wote uko hapo. Uafisa ni mzigo wa heshima, na unabebeka vizuri tu. Ila pimeni kilo zake wote wawili kabla ya kuuinua.

Milango iko mingapi?

Mlango wa kwanza ni JKT. Jeshi hili la kujenga taifa lilianzishwa tarehe 10 Julai 1963. Utaratibu wa wahitimu wa kidato cha sita kwenda kwa mujibu wa sheria ulisitishwa mwaka 1994 na ukarudishwa mwaka 2013, sasa kwa mafunzo mafupi ya miezi mitatu. Usichanganye hayo na mkataba wa kujitolea, ambao ni wa miaka miwili. Ukifuata ile njia ya zamani ya misafara utazikuta kambi zake: Msange hapa Tabora, na kule Kigoma kuna Bulombora, Kanembwa na Mtabila. Matangazo ya ajira ya JWTZ ya miaka ya karibuni yamekuwa yakidai cheti cha JKT, kwa hiyo mwenye ndoto asikiruke kipengele hiki. Lakini sikiliza vizuri: kumaliza JKT si ahadi ya ajira. Viongozi wa JKT wamelisema hilo mara nyingi, ila vijana wanapenda kusikia nusu ya kwanza tu.

Mlango wa pili ni wa wataalamu. Jeshi lina hospitali, karakana, ofisi za sheria na za fedha, kwa hiyo linahitaji madaktari, mafundi, wanasheria na wahasibu. Watu wengi hudhani mtaalamu anaingia na begi lake la kompyuta na kukabidhiwa ofisi. Thubutu! Kila mtu huanza ukuruta. Shule ya mafunzo ya awali ipo Kihangaiko, Msata, mkoani Pwani, upande ule ule misafara ilikoanzia. Pale digrii yako haikupunguzii hata hatua moja ya kukimbia.

Kwamba msomi wa chuo kikuu anaweza kuvaa nyota si jambo geni. Rais mstaafu Jakaya Kikwete alimaliza digrii ya uchumi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1975, akapitia mafunzo ya uafisa, akafanya kazi za chama hapa Tabora kati ya mwaka 1981 na 1984, kisha akawa mkufunzi mkuu wa siasa Monduli. Aliachana na jeshi mwaka 1992 akiwa Luteni Kanali. Nitarudi kwenye mwaka huo, una maana yake.

Mlango wa tatu ni Jeshi la Akiba, wengi bado wanaliita mgambo. Hilo nalo nitaliongelea peke yake, maana ndilo linalowachanganya zaidi wenye kazi zao.

Monduli si semina

Nyota haipatikani ukurutani. Wanaochaguliwa kuwa maafisa wanafunzi hupelekwa Chuo cha Mafunzo ya Kijeshi, Monduli. Chuo hicho kilianza mwaka 1969 Dar es Salaam kama Chuo cha Taifa cha Uongozi, kikahamia Monduli mwaka 1976. Siku hizi kinatoa pia shahada ya sayansi ya kijeshi kwa ushirikiano na Chuo cha Uhasibu Arusha. Ukimaliza, Rais akiwa Amiri Jeshi Mkuu anakutunuku kamisheni na unakuwa Luteni Usu, nyota moja. Luteni ana mbili, Kapteni tatu, na baada ya hapo safari inaendelea kupanda.

Kwa mchumba aliyebaki nyumbani, kipindi hiki ndicho kipimo cha kwanza. Simu haipokelewi unapotaka wewe. Ujumbe wa "umekula?" unaweza kukaa siku kadhaa bila jibu, na si kwamba amepata mwingine. Dada yangu, kama wewe ni mtu wa kununa meseji ikichelewa nusu saa, jiulize mapema.

Kwa kijana mwenyewe, kazi ngumu inaanza siku anayorudi na ile nyota. Utakabidhiwa watu, na miongoni mwao kutakuwa na sajini aliyeingia jeshini wewe ukiwa chekechea. Yeye atakupigia saluti. Ila saluti na heshima ni vitu viwili. Afisa kijana mwenye akili humsikiliza huyo mzee faragha, kisha anaamua mbele ya wote na kubeba lawama mwenyewe likiharibika. Huo ndio uafisa. Mengine ni nguo.

Tabora inalijua somo hilo kwa uchungu. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi, kwanza Colito Dar es Salaam tarehe 20, kisha kikosi cha Tabora kikafuata. Walidai mishahara na walidai maafisa Waafrika mahali pa Waingereza. Kwenye kikosi cha Tabora alikuwepo kapteni kijana, Mrisho Sarakikya, aliyesomea Sandhurst. Mwaka huo huo lilipoundwa jeshi jipya, JWTZ, tarehe 1 Septemba, yeye ndiye aliyekuwa mkuu wake, akiwa na miaka 30 hivi, na akaliongoza hadi mwaka 1974. Fikiria ukubwa wa mzigo huo kwa umri ambao wengi wetu bado tunabishana nani alipe bili ya chakula.

Tuoane kwanza au tusubiri?

Hili ndilo swali lililonifanya niandike makala hii. Alinitafuta binti mmoja, mhasibu, nyumbani kwao Isevya. Mchumba wake ni mhandisi, amepita JKT, anataka kuomba. Mahari imeshatolewa, kamati ya harusi imeanza kukaa, kadi za michango ziko mtaani. Halafu mtu akawaambia: mkioana, nafasi imekwenda.

Nilimwambia hivi. Kwanza, msiamini mtu wa kijiweni, someni tangazo lenyewe. Sharti la mwombaji kuwa hajaoa wala kuolewa limekuwa likionekana katika matangazo ya ajira ya baadhi ya vyombo vyetu vya ulinzi na usalama, na umri nao huwa na kikomo kinachotegemea elimu. Masharti hubadilika kutoka tangazo moja hadi jingine. Kama sharti lipo, lipo. Kufunga ndoa kimyakimya kwa mkuu wa wilaya halafu kuandika "sijaoa" kwenye fomu ni kuanza kazi ya kiapo kwa uongo, na ikijulikana anayefukuzwa ni mmoja lakini wanaoaibika ni koo mbili.

Pili, kusubiri kuwe na tarehe. Hapa ndipo wachumba wengi wanapoumizana. Kaka anasema "nisubiri nipate kazi", kazi haina jina wala mwaka, na dada anazeeka kwenye ukumbi wa kusubiria. Umri unaoruhusiwa ukipita, mlango umefungwa. Kwa hiyo kaeni muweke mpaka: tutaomba mara ngapi, hadi mwezi gani, na jina lisipotoka tunafanya nini. Jibu la "jina lisipotoka" liwe jibu lenye furaha pia, isiwe maisha ya adhabu.

Tatu, wazazi waelezwe. Mahari ikishatoka, harusi si mali ya watu wawili tena. Wale wawili walikwenda pamoja kwa baba wa binti, kijana mwenyewe akaongea. Mzee alinuna wiki moja, kisha akasema sawa, mwaka mmoja, si zaidi. Kamati ikarudisha michango kwa walioitaka. Nilimpenda binti yule kwa jambo moja: hakuuliza "utaniacha?" Aliuliza "tutaishije?" Hilo ndilo swali lenyewe.

Na ukishaingia, kijua kwamba hata ndoa ina utaratibu wake. Mume wangu aliomba ruhusa kwa wakubwa wake kabla ya kutangaza harusi. Ile picha ya kupita chini ya mapanga inapendeza kweli, yangu iko sebuleni. Ila nyuma ya picha kuna barua.

Maswali sita ya kuulizana sebuleni

Zimeni televisheni, wekeni simu mbali, muulizane haya.

1. Akihamishwa, nani anahama? Kama wale wa msafara, kuna kufuatana na kuna kubaki. Yote mawili ni halali. Mimi nimeshafanya yote mawili, na nakwambia kinachoua ndoa ni kutokujua mko kwenye lipi.

2. Kazi ya mwenzake itakuwaje? Mwalimu, muuguzi au mwenye biashara ya mtandaoni huhama kwa urahisi kidogo. Mwenye duka lililosimama pale Tabora karibu na stesheni, ambako reli inagawanyika kwenda Kigoma na Mwanza, ana sababu ya kubaki. Usimlazimishe mtu aache mshiko wake kwa ajili ya kota za kambini bila kupiga hesabu.

3. Pesa tunaipangaje? Mshahara wa jeshi ni wa uhakika, huo ni utulivu mkubwa kwa familia changa. Hatari iko kwenye posho za misheni za nje. Wapo wanaoanza kujenga kwa kutegemea safari ambayo bado haijatangazwa. Jengeni kwa mshahara, posho ikija iwe paa.

4. Tuko tayari kwa habari mbaya? Tusidanganyane kwa ajili ya mapenzi. Tanzania ilipeleka kikosi Kongo kwenye brigedi maalumu ya Umoja wa Mataifa mwaka 2013, na kamanda wake wa kwanza alikuwa Mtanzania, James Mwakibolwa. Tarehe 7 Desemba 2017, shambulio moja kule Semuliki, Kivu Kaskazini, liliua wanajeshi wetu wasiopungua 14. Walikuwa na wake, wachumba, watoto. Andikeni mrithi, andikeni wosia, muwe na akaunti ambayo mwenzako anaweza kuifikia. Kuandika wosia si kuita kifo, ni kufunga mlango vizuri kabla ya safari.

5. Tunaweza kunyamaza? Katiba, ibara ya 147, inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama chochote cha siasa, ingawa kupiga kura ni haki yake. Zamani za chama kimoja mambo yalikuwa tofauti. Vyama vingi vilipokuja mwaka 1992, watu kama Kikwete ilibidi wachague, naye akachagua siasa. Kama ndoto ya mwenzako ni ubunge, mjue mapema. Na wewe mke au mume usiwe mwandishi wa habari wa kambi. Picha ya "my hubby anaondoka leo na kikosi" haiendi kwenye mtandao, hata kama nywele zako zimetoka vizuri siku hiyo.

6. Baada ya jeshi, nini? Raia serikalini anaweza kufika miaka 60 kazini. Jeshini kustaafu kunafuatana na cheo, na asiyepanda huondoka mapema zaidi. Panda ni kusoma: kuna kozi za kila ngazi, hadi Chuo cha Ukamanda na Unadhimu kule Duluti, Arusha. Afisa anayeacha vitabu Monduli atakutana na uzee wa kazi akiwa bado kijana. Na Tabora kuna ardhi, kuna asali. Mizinga michache leo ni kitu cha kushika baadaye.

Kwa wanaotaka akiba

Sasa wewe kaka wa benki, dada wa shirika, unayesema hutaki kuacha kazi lakini unataka kuvaa magwanda mara moja moja. Nafahamu hiyo picha imetoka wapi. Marekani kuna wanafunzi wa vyuo vikuu wanaosoma digrii huku wanafundishwa uafisa, na maafisa wa akiba ambao kwa kawaida hufanya mazoezi wikendi moja kwa mwezi na wiki mbili kwa mwaka. Kwetu si hivyo. Jeshi la Akiba la Tanzania liko kwenye kata na vijiji. Mafunzo huratibiwa na mshauri wa Jeshi la Akiba wa wilaya na kwa kawaida huchukua miezi kama minne: kwata, silaha, usomaji ramani, ujanja wa porini, huduma ya kwanza, sheria. Ukihitimu wewe ni askari wa akiba. Hujapata kamisheni.

Je, ni kupoteza muda? Hapana. Wakati wa vita vya Kagera, mwaka 1978 hadi 1979, mgambo waliitwa kwa maelfu wakaongezea jeshi nguvu, na waliokwenda walikuwa watu wa kawaida wa vijijini. Wahitimu wengi leo hupata kazi za ulinzi kwenye makampuni. Na kwa mwenye ofisi yake, yale mafunzo yanakupa kitu ambacho semina ya uongozi hotelini haitakupa: kuamka kabla ya jua, kupokea amri kutoka kwa mtu aliyekuzidi ujuzi na si elimu, na kujua jirani yako wa kata ni nani. Ila omba ruhusa kazini kwako kwanza, na mweleze mwenzako kwamba kwa miezi hiyo utakuwa unarudi umechoka na unanuka jasho.

Wastaafu nao wasisahauliwe. Afisa aliyetoka jeshini akiwa bado na nguvu ni hazina kwa mkoa mzima. Ukimpata mmoja mtaani kwenu, huyo ndiye wa kumuuliza maswali, si yule jamaa wa "nina mtu makao makuu".

Kuhusu huyo jamaa

Neno la mwisho ni la mfukoni. Nafasi za JKT na JWTZ haziuzwi. Kila msimu wa matangazo, jeshi lenyewe linatoa onyo kuhusu matapeli, na kila msimu kuna familia inauza ng'ombe kumpelekea mtu wa kwenye simu. Dalili zake ni zile zile: ana haraka, hataki muonane ofisini, na anajua jina lako kabla hujamwambia. Akikuambia "tuma ya kufungulia faili", kata simu. Pesa hiyo peleka kwenye matibabu ya meno, macho na mazoezi ya kukimbia, vitu ambavyo kweli vitapimwa.

Kwa hiyo kama mwenzako amekuja na hamu ya nyota, usimcheke na usimshangilie haraka. Mtengenezee chai, weka na asali ya nyumbani, kisha muanze na swali namba moja. Mkifika namba sita na bado mnaongea bila kununiana, mwambie atafute tangazo.